Afande wa Mstari wa Njano

Mstari ulikuwa wa rangi ya njano, upana wa kiganja, umekata lami kutoka nguzo moja ya geti hadi ya pili. Aliupaka yeye mwenyewe. Kampuni haikumtuma. Alinunua mkebe wa rangi, akapiga magoti kwenye lami ya moto adhuhuri ya Athi River, akaupaka kwa brashi ya viatu. Magurudumu ya malori yakiufuta, anapiga magoti tena. Sisi wanawake wa kusachi, tuliopekua wenzetu getini, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mzee mzima, mkuu wa askari wote wa kiwanda, anachora barabarani kama mtoto wa nasari!

"Chekeni tu," alisema bila kuinua kichwa. "Siku moja mtu atauliza ulikuwa umesimama wapi."

Tulimwita Afande. Jina lake nalijua, na la baba yake nalijua, lakini sitayataja, maana watoto wake hawakunikosea chochote. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, nikiwapapasa wanawake wenzangu viunoni kila zamu ikitoka, na mtu akiniuliza Afande alikuwa mtu wa aina gani, nakwama. Nikisema alikuwa mwema, namkosea Nduku. Nduku ni mtoto wa kwetu Katangi, tulikodi chumba kimoja huko Athi River, na alifungwa jela kwa neno la Afande. Nduku anasema neno hilo lilikuwa hila. Afande naye hakuwahi kusema uongo, hilo nililiona kwa macho yangu. Mmoja wao lazima alikuwa amenidanganya, na watu hao wawili nilikuwa nawapenda. Lakini ngoja kwanza nikuonyeshe mzee mwenyewe.

Lazima uelewe zoni, ule ua wa viwanda vya kuuza nje, ilikuwa kitu gani. Kitambaa kilitoka ng'ambo bila kulipiwa ushuru, kikashonwa suruali za jinzi, zikarudi ng'ambo. Hakuna hata kifungo kilichoruhusiwa kubaki Kenya. Suruali ya zoni ikionekana sokoni Nairobi, hiyo ni magendo. Kwa hivyo ndani ya ua kulikuwa na sheria zake na wakubwa wake, na Afande aliishi na serikali tatu kichwani. Ndani ya mstari ni kampuni, yaani yeye. Sili ya kontena, ile lakiri ya mlangoni, ni ya forodha. Nje ya mstari ni polisi. Alizihubiri hizo serikali zake kama katekista. Msichana akiajiriwa leo, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, anaonyeshwa mstari.

"Hapa umesimama uko kwa kampuni," anamwambia. "Ukikosa, ni mimi na wewe. Ukiinua mguu ukauweka pale, uko Kenya. Huko mimi si kitu. Huko hata mama yako si kitu."

Na hakuwa anatania. Kuna siku mwizi wa mifuko alikimbizwa kutoka stendi, akauruka mstari, akaangukia miguuni mwake. Nyuma yake polisi wawili, wanahema, rungu mkononi. Afande alinyoosha mkono.

"Simameni hapo."

"Mzee, huyo ni wetu," mmoja akasema.

"Alikuwa wenu. Saa hii yuko kwangu. Mkimtaka, mtaniomba."

Haki ya Mungu, watu wa serikali walisimama juani! Mmoja ilibidi avue kofia aseme tafadhali, na wafanyakazi wamejaa madirishani kama wako sinema. Alipoombwa vizuri, Afande alimshika mwizi mkono, akamtembeza polepole mpaka kwenye mstari, akamkabidhi upande wa pili. Tulipiga makofi na vigelegele. Yule mwizi alikuwa ameshaanza kutabasamu, akidhani ameokoka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetoka kwenye kola kama ya kuku wa kienyeji. Athi River ni vumbi la saruji. Asubuhi unaosha uso, saa nne uko mweupe kama umetoka kusaga unga. Viatu vya Afande vilibaki vyeusi. Sijui alivipaka rangi saa ngapi. Alikula isyo, ile githeri yetu ya mahindi na maharagwe, kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, na aliila amesimama. Sikumwona akiketi pale getini hata siku moja. Ukimpa kiti anakuambia geti haliketi, kwa hivyo na yeye hawezi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi, cha amri, mpaka akasirike. Akikasirika anahamia Kikamba, na hapo hata waliozaliwa Mwala kama yeye walikuwa wanainama.

Umbea aliuchukia kuliko wizi. Kiwanda cha wanawake wengi, unajua vile maneno hutembea. Mtu anakuja kumnong'onezea: fulani anaiba uzi, fulani anaficha zipu. Afande anamkatiza katikati. "Maneno hayana mkono. Niletee kitu nishike." Mpishi wa kantini alimlalamikia mwezi mzima kwamba sukari inapungua, akamfukuza kila mara. Mpishi akachoka, akaenda akachomoa pakiti yenyewe kwenye begi la mwizi, akamletea. Hapo Afande akasimama wima. Ndani ya saa moja mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa hivyo sote tulijifunza. Ukiwa na neno kwa Afande, usiende mikono mitupu.

Kuhusu uongo, nitakuambia kisa kimoja tu. Meneja wetu alikuwa anawakwepa wakaguzi wa kazi. Akampigia Afande simu ya getini: sema siko. Wakaguzi wakafika, wakauliza kama meneja yupo. Afande akawapigia saluti. "Yuko," akasema, "lakini ameniambia niwaambie hayuko." Ai! Meneja alitaka kupasuka. Alimwita ofisini akamfokea, na Afande akamsikiliza amesimama wima mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba alifikisha ujumbe wote kama alivyopewa. Hawakumfukuza. Nafikiri walikuwa wanamwogopa, au walijua mtu ambaye hadanganyi ana faida yake. Siku ile niliona ni sifa tu.

Sasa usidhani alikuwa jiwe. Wasichana waliiba, wacha nisikudanganye. Mshahara ulikuwa wa kucheka na kulia, na jinzi moja nje ilikuwa chakula cha wiki. Kuna mmoja alivaa suruali tatu chini ya sketi, akatoka zamu anatembea kama bata anayetaka kutaga. Nilikuwa bado sijamgusa, Afande akamwona kwa mbali.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama, ndivyo alivyowaita wote, hata watoto wa juzi. "Leo kuna baridi gani?"

Msichana akashika sketi yake. Afande akamwelekeza kwenye kile kibanda chetu cha kusachia. "Ingia uvue yetu, ubaki na yako." Akageuka akatazama barabara. Msichana alivua, akatoka analia, akaenda nyumbani, na kesho yake alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida. Mabosi walitaka kila mwizi apelekwe polisi. Afande aliwaambia mwizi huyo ameshikwa ndani, na aliyeshikwa ndani ni wake. Sote tulijua msichana akilala seli ile ya nje anarudi vipi. Mstari ule tuliouchekelea ulikuwa ukuta wetu, na wengi wetu tulimwombea mzee yule kanisani kwa jina.

Hata mimi alinifaa. Kulikuwa na supavaiza wa laini ya cherehani, mwanamume wa mikono mirefu, aliyenifuata hadi kibandani siku moja akanibana ukutani. Sikupiga kelele, niliogopa kazi. Mlango ukafunguka, Afande akaingia, akasimama. Hakumgusa. "Huyu ni askari wangu," akasema. "Ukimshika, umeshika geti." Yule mtu alitoka kama maji yaliyomwagika na hakurudi upande wetu tena. Sikuwahi kumshukuru Afande vizuri. Nilimletea maembe kutoka Katangi, akayakataa, akasema mpe mlinzi wa usiku.

Ndiyo maana Ijumaa zake zilinichanganya. Ijumaa moja moja, mchana, lilikuja gari jeusi la mtu tuliyemwita Mheshimiwa. Hakuwa na ofisi kiwandani, hakuwa na hisa tunayoijua, lakini mabosi walimkimbilia mlangoni. Akishaondoka, kontena moja lilitoka ambalo halikufuata njia ya Mombasa. Madereva walijua, wauza chai nje ya ua walijua. Wasichana wanatokwa jasho kwa ajili ya suruali moja, na kontena zima linapita limetulia. Afande alikuwa anafungua geti, anatazama sili, anaona ni nzima, anapiga saluti. Halafu anavua kofia na kuyaangalia mawingu.

Nilimuuliza mara moja. Nilikuwa na hasira, nimetoka kumvua msichana mmoja fulana.

"Afande, na ile kubwa?"

"Ile iko na sili ya forodha. Mimi si forodha."

"Lakini unajua."

"Mwaitu, kujua si kazi yangu. Kazi yangu ni geti." Akavaa kofia. "Siku mtu akiniletea kitu cha kushika, tutaona."

Hayo maneno ya mwisho niliyabeba nyumbani. Nilimsimulia Nduku usiku tukipika, kama kichekesho tu. Nduku alikuwa anafanya kazi idara ya kufungasha. Hakucheka.

Nduku wakati ule alikuwa msichana wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kunyoosha hadi leso. Alipenda mambo yawe sawa. Alimpenda Afande kama baba, kwa sababu wake alifariki mapema, na kila asubuhi alimwamkia kwa Kikamba pale getini, na mzee akamjibu kwa sauti ambayo hatukuisikia kwa mtu mwingine. Idara yao ilikuwa imeanza kuletewa kazi ya ajabu: kufumua lebo kwenye suruali zilizokamilika na kuzitia katika magunia yasiyo na maandishi. Waliambiwa ni maagizo. Wenzake walifumua wakanyamaza. Yeye alinyamaza pia, lakini ilimla.

Mvua ya Novemba ilipofika niliomba ruhusa nikaenda Katangi kupanda. Niliporudi, kitanda cha Nduku kilikuwa kimetandikwa na yeye hakuwepo. Alikuwa rumande. Ameshikwa na suruali ya kampuni.

Habari yenyewe niliipata kwa Nduku, nyuma ya nyavu, na hajawahi kuibadilisha mpaka leo. Alisema alichukua suruali moja iliyofumuliwa lebo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akaenda nayo moja kwa moja kwa Afande, mchana, kabla ya zamu kutoka. Hakujificha. Alitaka kumpa kitu cha kushika. Alimwonyesha pale lebo ilipotolewa, akamwambia magunia yako ndani ya kontena gani. Afande aliitazama ile suruali muda mrefu, akamrudishia mfuko. Simu ya getini ikalia. Afande akasikiliza, akaweka chini. Halafu akamshika Nduku mkono, akamwambia twende nje kidogo, hapa ndani kuna masikio. Wakatembea pamoja. Walipovuka mstari, polisi walikuwa wamesimama pale, na Afande akawaambia: huyu hapa.

Nilimsikiliza nikatamani kufa. Si kwamba nilimwona mwongo. Lakini Afande? Afande aliyewaambia wakaguzi meneja yuko?

Kama ndivyo ilivyokuwa, unaona ujanja wa mzee. Nduku akishikwa ndani ya mstari, kuna maswali. Suruali imetoka wapi? Kwa nini haina lebo? Nani aliamuru? Kampuni ingelazimika kuandika, forodha wangeitwa, na kontena lilikuwa bado liko uani na magunia yake. Akishikwa nje, ni mwizi wa kawaida na suruali yake moja, na yaliyo ndani hayamhusu hakimu. Kontena lilitoka jioni ile ile. Sili ilikuwa nzima.

Kortini niliketi nyuma na mama yake. Afande alikuja na viatu vyake vyeusi, akaapa, akasimama wima.

"Ulimshikia wapi?" akaulizwa.

"Nje ya mstari wa geti."

"Alikuwa na nini?"

"Suruali moja ya kampuni. Ilikuwa kwa mfuko wake."

"Alikuwa na ruhusa ya kutoka nayo?"

"Hakuwa nayo."

Nduku alisimama kizimbani akapaza sauti. "Afande, waambie vile ulinitoa! Waambie!" Akaamriwa anyamaze. Lakini mwendesha mashtaka, labda kwa kutaka kumaliza jambo, akamgeukia mzee. "Ni kweli ulimvuta mshtakiwa ukamtoa nje?"

"Sikumvuta," Afande akasema.

Hapo ndipo ilipoisha. Kila mtu wa kiwandani aliyekuwa mle ndani alijua mzee huyo hadanganyi. Nilimwona mwenzetu mmoja, rafiki wa Nduku wa kwaya, akitikisa kichwa kwa huruma na kumtazama Nduku kama mtu aliyekwisha kuthibitika kuwa mwizi. Walimfunga mwaka na zaidi.

Mjomba wa Nduku alitaka mambo ya kizamani. Alisema Afande aletwe ale kithitu, kile kiapo cha Kikamba ambacho anayekila kwa uongo hufa, yeye na watu wa nyumbani kwake. Mama yake Nduku ni Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, akakataa. Alisema hataki damu ya watoto wa mtu. Sisi wengine tulibaki tunajiuliza, kama angekula, angekufa au asingekufa?

Nilibaki kazini. Ningeenda wapi? Afande hakunisemesha juu ya Nduku na mimi sikumsemesha. Tulikuwa tunasalimiana, zamu inaingia, zamu inatoka. Kitu kimoja tu kilibadilika: aliacha kuwaonyesha wasichana wapya mstari. Mstari ukafutika na malori na hakuupaka tena. Baadaye alistaafu, akapewa saa ya ukutani na keki, na mimi nikala ile keki kama nakula udongo. Kiwanda chenyewe kilifungwa baada ya hapo, wenyewe wakahamia nchi nyingine, na mimi nikarudi Katangi.

Nduku alikuwa ametangulia. Alinunua cherehani ya miguu, akakodi kibaraza sokoni. Anashona, wewe! Hakuna fundi Yatta nzima anayenyoosha mshono kama yeye. Lakini fundi anaishi kwa kuachiwa vitambaa vya watu, na nani atamwachia kitambaa mtu aliyefungwa kwa kuiba nguo? Wanamletea viraka na zipu zilizovunjika, na wanasimama hapo hapo wakimwangalia mikono mpaka amalize. Mtu akiwa na kitenge cha harusi anakipeleka mjini Matuu. Kanisani alirudi, kwaya wakamwambia asubiri kwanza. Amesubiri hadi nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alizoea kuniambia, "Wewe ulikuwa askari wake. Wewe atakuambia." Nilikuwa namjibu ndiyo, nitaenda, na nilikuwa naogopa kwenda.

Nilienda niliposikia mzee ni mgonjwa.

Nyumbani kwake Mwala ni chini, kwenye joto, karibu na bwawa la mchanga, pale mto wa msimu ulipozibwa. Nilimkuta uani kwenye kiti cha kamba. Ameketi! Nilishtuka kuliko kama ningemkuta amekufa. Miguu ilikuwa imevimba, iko ndani ya malapa. Alinijua kabla sijasema.

"Askari wangu," akasema, akaniamkia kwa Kikamba. "Uvoo waku?"

"Nzuri, Afande. Habari ya ugonjwa?"

"Ndio huu. Mwili umeacha kazi." Akamwita mkewe alete chai. Alikuwa mama mpole, akanishika mikono miwili, akaniambia mzee hapati wageni wa kazini. Alipotuachia chai akaenda kuwafungia mbuzi, nilijua nisiposema sasa nitaondoka na maneno yangu.

"Afande, nimetoka Katangi. Kwa akina Nduku."

Hakushtuka. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anasubiri gari na limefika.

"Yuko?"

"Yuko. Anashona viraka."

Nikamwambia yote, ya kibaraza, ya vitenge vinavyopelekwa Matuu, ya kwaya. "Niambie tu ukweli," nikasema. "Alitoka mwenyewe akiwa na suruali, au ni wewe ulimtoa?"

"Nilimtoa mimi."

Alisema hivyo, kwa sauti ile ile ya kortini.

"Lakini uliapa!"

"Niliapa nilimshika nje. Nilimshika nje. Niliapa sikumvuta. Sikumvuta, alitembea." Akapumua. "Hata kile kithitu mlichotaka kunilisha, nilisikia habari yake. Ningekula. Na nisingekufa. Hiyo ndiyo imeniumiza zaidi, mwaitu. Kwamba nisingekufa."

"Nani alipiga simu?"

"Meneja. Mheshimiwa alikuwa ofisini kwake. Mtu wa kufungasha alikuwa amewaambia kwamba msichana amekuja kwangu na kitu. Akaniambia: huyo hatumtaki ndani, polisi wako njiani, wewe unajua kazi yako." Akageuza uso kuelekea bwawani. "Nilifikiri hivi. Nikikataa, wananitoa. Wanaleta mtu mwingine getini, na huyo atawapeleka nyinyi wote seli, kila jioni. Nikaona nitoe mmoja nibakishe wengi."

"Nduku si mbuzi, Afande."

"Hapana," akasema. "Si mbuzi."

Nilimpenda mzee yule. Nilimchukia pia, vyote viwili pale pale, nimeshika kikombe cha mkewe. Nilimwambia aje Katangi. Tutatafuta gari, tutambeba, asimame mbele ya watu Jumapili moja aseme alivyoniambia. Watu watamwamini, wamemwamini siku zote. Akaitazama miguu yake. Nikamwambia basi tumwite padri hapa, tumwite mjomba, asikie mtu mwingine. Akasema waje, atasema. Akasema waje upesi. Nikaona amemaliza, nikaanza kujiandaa niondoke.

"Hujaniuliza jambo moja," akasema.

"Lipi?"

"Alisema nini tukivuka."

Sikujua kuna kitu kilisemwa. Nduku hakuwahi kuniambia.

"Nilikuwa nimemshika mkono," Afande akasema. "Alikuwa na hofu, mkono wake baridi. Aliona ile simu, akafikiri nimeambiwa nimkamate na nimekataa. Akafikiri namtoa nimfiche. Tukifika pale kwenye mstari, kabla hajawaona wale watu, akaniangalia." Akainua mkono wake wa kulia, akautazama. "Akaniambia asante, baba."

Mkewe alirudi na ndoo ya maziwa. Nilimuaga. Sikumpa mzee mkono, na hakuunyoosha wake.

Padri alikubali kwenda wiki iliyofuata, na mjomba akasema atamsindikiza. Lakini kwanza nilipita sokoni kwa Nduku siku ile ile niliyotoka Mwala. Alikuwa anabadilisha zipu ya mtoto wa shule, na mama wa mtoto amesimama hapo juu yake. Nilingoja mpaka yule mama akachukua sketi yake akaenda.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Amekubali, Nduku. Amesema ni yeye alikutoa. Atasema mbele ya padri."

Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipoondoa mikono, alichukua kitambaa chakavu, akaanza kukipitisha kwenye sindano ya cherehani, mshono usio na kazi yoyote.

"Alikuambia nini kingine?" akauliza. Hakuinua macho.

"Hakuna kingine," nikamjibu.

Mguu wake ukaendelea kukanyaga.